Matangi Saba, Waya Mmoja

Nyumbani kwetu Kuze, Mombasa, ukimpa mgeni kahawa kwa kuanzia kushoto, mama hakukemei mbele za watu. Hukungoja jikoni. Huko ndiko nilikojua, bado mtoto, makali ya ukucha wa mama yangu. "Kulia!" angeninong'oneza huku amenibana nyama ya mkono. "Kulia kwanza! Umelelewa na nani wewe?" Kiatu, kulia kwanza. Mguu wa kuingilia ndani, wa kulia. Kugawa mahamri, kupitisha tende, kupanga vikombe, anza kulia uzunguke. Na baba ndiye aliyezidi. Alikuwa fundi wa umeme, na hata akitundika taa za harusi uchochoroni, taa ya kwanza sharti iwe ya mkono wa kulia, na ole wake fundi mwenzake aanzie kwengine.

Nayasema haya mapema kwa sababu nikisimulia habari ya matangi watu huniuliza, "Sasa hiyo kahawa yaingia wapi?" Ngojeni, jamani. Yaingia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, kile cha karibu na nyumba za Buxton, na baba akanitafutia kazi kwenye kinu cha unga alichokuwa akifanya kazi mwenyewe, upande wa Shimanzi. Asubuhi tukitoka pamoja, yeye mbele na kapu lake la vyombo, mimi nyuma na buibui langu, tukikata Biashara Street wakati wenye maduka ndio kwanza watundika leso milangoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi njiani. Akiniuliza swali moja tu: "Umekula?" Nikisema ndiyo, basi tena mpaka kinuni.

Nyuma ya kinu kulisimama matangi saba ya chuma, marefu, mstari mmoja. Ukiyakabili kutoka uani, mkono wako wa kushoto kuna mizani ya kupimia malori, na mkono wa kulia kuna ukuta wa reli. Ngano iliyotoka melini ilipandishwa ikamwagwa kwa juu. Chini ya kila tangi palikuwa na mlango wa chuma unaoendeshwa kwa mota. Ukifunguka, ngano yashuka kwenye ukanda, ukanda waipeleka kinuni. Zamani kila tangi lilikuwa na kitufe chake hapo hapo chini. Ukitaka kulifungua, wenda mwenyewe, walitazama usoni, wabonyeza. Tangi halikuwa na namba wala jina, na halikuhitaji.

Halafu wenye kinu wakanunua mitambo mipya. Vitufe viling'olewa. Kila tangi likatundikwa sanduku dogo lenye akili yake ndani, na masanduku yote yakaungwa kwa waya mmoja uliopanda mpaka chumba cha juu, nilikokaa mimi mbele ya kompyuta ya maandishi ya kijani. Kwa waya ule ningeweza kulifikia tangi lolote bila kuinuka kitini, mradi nijue namba yake. Sikuwa nikiyaona yote kwa pamoja. Ilikuwa ni kupiga hodi mlango kwa mlango. Naandika namba, kompyuta yaiita wayani, masanduku yote yasikia, lakini lenye namba hiyo peke yake ndilo lajibu: nipo, mlango wangu umefungwa, ngano yangu yafika hapa. Lisipojibu, kompyuta yaita tena. Ikikosa jibu mara ya tatu, yaacha. Baba alipoona hivyo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hii imefunzwa adabu," alisema. "Hodi tatu, kisha wenda zako."

Namba hizo masanduku hayakuzaliwa nazo. Ndani ya kila moja palikuwa na viswichi vidogo kama punje za mchele. Wavipanga kwa ncha ya bisibisi, na hivyo ndivyo sanduku lajua kama ni la kwanza au la saba. Kazi ya kuvipanga na kuyatundika masanduku alipewa baba.

Aliyempa ni msimamizi wetu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo wa kusali kwa kweli, aliyefika Mombasa kwa kazi ya reli kabla hajahamia kinuni. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo sasa, maana mbele ya safari nitamtukana. Alimheshimu sana baba, akimwita Mzee, na siku ile nilikuwapo alipomkabidhi masanduku uani, wote wawili wameyakabili matangi.

"Mzee, weka moja mpaka saba," alisema. "Kwa mpangilio."

"Nimesikia," akasema baba.

Basi. Hayo ndiyo maneno yote. Watu husema kuuliza si ujinga, lakini nani auliza jambo alijualo tangu kunyonya? Msimamizi alishika njia yake kwenda ofisini akiwa na mstari wake kichwani, unaoanzia mizanini, kushoto, kama maandishi ya kitabu chake yalivyoanza na kama michoro ya waliouza mitambo ilivyochorwa. Baba akachukua ngazi, akasema bismillahi, akaenda kulitundika la kwanza kwenye ukuta wa reli.

Siku ya majaribio tangi moja tu ndilo lililokuwa na ngano, nalo ni lile la katikati. Nikaita nne. Likajibu. Nikaliamuru lifunguke, likafunguka, ngano ikashuka, watu wakapiga makofi, na msimamizi akampa baba mkono. Hakuna aliyefikiri kwamba la katikati ni la nne ukihesabu kutoka huku, na ni la nne ukihesabu kutoka kule.

Meli ikaja, matangi yote yakajazwa. Kwa siku chache tuliendelea kuchota lile lile la katikati, na mambo yakenda kama maji.

Kisha ikaja Ijumaa. Juu ya matangi alifanya kazi Mdigo mmoja wa Kwale, rafiki ya baba, mtu wa mizaha asiyekosa neno. Asubuhi ile alichungulia tundu la juu la tangi la pili kutoka ukuta wa reli akaona ile kamba ya chuma ya kupimia ngano imekatika. Akamwita baba. Kuiunga ilibidi mtu ashuke ndani, asimame juu ya ngano yenyewe, amefungwa kamba kiunoni, na mwenzake ameishika kwa juu. Asiyejua hudhani ngano ni kama sakafu. Siyo. Mlango wa chini ukifunguka ngano hukimbia, na aliyesimama juu yake huvutwa miguu, kisha kiuno, kisha kifua, na hapati pa kushika. Mtu hufunikwa kabla hajamaliza kuita jina la mamake. Kwa hivyo baba hakushuka mpaka alipomwona msimamizi uani.

"Naingia lile," alimwambia, akimwonyesha kwa kidole. "La pili kutoka ukutani. Mwambie mwanangu asilifungue."

Msimamizi akalitazama, akahesabu kutoka mizanini. Akapanda ngazi mpaka kwangu.

"Baba yako ameingia la sita," aliniambia. "Usiliguse."

Nikalitia kufuli la sita kwenye kompyuta. Hata nikalirudia kulihakikisha, kwa kuwa ni babangu. Kufuli imara. Nikakaa nimetulia kabisa. Mpaka leo utulivu ule sijausahau.

Haikupita muda, msimamizi akarudi anahema. La katikati lilikuwa limekwisha. Kule chini rola za kusagia zilikuwa zimebakiwa na kidogo, na rola zikisagana zenyewe bila ngano huungua. Kengele ya kinu ilikuwa inalia mfululizo kutuhimiza.

"Fungua la pili," alisema.

Mimi nina tabia, na mama husema ni ukaidi: sifungui mlango wa mtu bila kumpigia hodi. Nikaanza kuyaita. La kwanza: nipo, nimefungwa, nimejaa. La pili: nipo, nimefungwa, kipimo hakuna. Nikasita. Nikaita la tatu, la tano, yote mazima. Nikaita la sita, alimo baba, maana fundi haingii tangi zima; nilitaraji kibovu kiwe humo. Likajibu: nipo, nimefungwa, nimejaa.

Nikaliita tena. Nimejaa, likasema, bila wasiwasi.

"Bosi," nikasema, "baba yuwatengeneza nini huko?"

"Si kile kipimo. Kamba imekatika."

"La sita kipimo chake kizima. Hebu tazama."

Akainama kutazama. Jasho lilikuwa likimtoka. "Basi amemaliza. Mzee ni mwepesi wa kazi."

"Na la pili halina kipimo."

"Hiyo ni waya tu. Vitu vipya hivi, wewe mwenyewe unavijua. Fungua, msichana, rola zinaungua!"

"Mgonjwa ni wa sita, mbona anayekohoa ni wa pili?"

Alinitazama kama anayesemeshwa lugha asiyoijua. Na kusema haki, mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa. Sikufikiria kulia wala kushoto. Nilijua tu kwamba majibu hayakulingana na niliyoambiwa, na kati ya majibu na niliyoambiwa palikuwa na babangu amesimama juu ya ngano.

"Sifungui," nikasema. "Sifungui mpaka nimuone baba kwa macho yangu."

"Mimi ndiye nasema fungua!"

"Nami ndiye nasema sifungui! Wallahi sifungui! Ngoja niende nikatazame, narudi sasa hivi."

Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Nenda, nenda!"

Nikatoka mbio. Nilikuwa katikati ya ngazi niliposikia ukanda ukianza kutembea.

Ukanda ule una mlio wake, kwanza hukoroma, kisha hulia mfululizo. Nilimaliza ngazi zilizobaki sijui kwa miguu au kwa magoti. Nilipotokea uani macho yangu yalikwenda upande wa mizani, kwenye la pili la msimamizi. Pale pakavu, hakuna hata punje. Nikageuza shingo. Ngano ilikuwa ikimiminika upande wa pili, karibu na ukuta wa reli, mkondo mnene wa rangi ya dhahabu, na juu kabisa, kwenye tundu la tangi, yule Mdigo amelala kifudifudi, kamba imemkaza mikono, anapiga ukelele ambao kwa kishindo cha kinu sikuusikia. Niliuona mdomo tu.

La ilaha illallah. Ndipo nilipoelewa. Kulia kwanza.

Miguu yangu yote ilitaka kwenda kwa baba. Nilikwisha piga hatua mbili tatu. Kisha nikakumbuka kwamba chini ya tangi hakuna kitufe. Viling'olewa. Ningefika pale ningefanya nini? Ningeukumbatia mlango wa chuma? Kitu pekee kilichoweza kuufunga mlango ule kilikuwa nyuma yangu, juu ya ngazi, ndani ya chumba nilichotoka. Nikampa baba yangu mgongo. Katika maisha yangu yote sijapata kufanya jambo gumu kama lile la kugeuka.

Nilipanda nikipiga mayowe. Msimamizi alikuwa amekaa kitini pangu, amejifuta jasho, uso umetulia.

"Imefunguka vizuri," alisema. "Ume—"

Nikamsukuma. Mtu mzima yule, rika la baba, nilimsukuma kwa mikono miwili akenda na kiti chake mpaka ukutani. "Umemfungulia babangu chini ya miguu!" nikamwambia, na nikafuatisha maneno ambayo mtoto wa Kuze hatakiwi hata kuyajua, sembuse kuyatamka.

Nikaandika: mbili, funga.

Kompyuta ikaita. Kimya.

Mota zikiwa zakimbia, waya ule ulikuwa na tabia ya kuingiwa na vurugu, maneno yakipotea njiani. Tulilijua hilo, tukilifanyia mzaha. Kompyuta ikaita mara ya pili. Kimya. Nikaweka viganja viwili juu ya meza, nikasema kwa sauti, kama mwendawazimu, "Itikia. Itikia, nakuomba, itikia, wewe ni kazi ya mikono yake." Hodi ya tatu. Mstari wa kijani ukasimama pale, ukapepesa.

Nimesikia, likasema sanduku.

Lakini kusikia si kufunga. Mlango ule ni mzito, na mota yake huusukuma polepole. Nikauliza: mlango? Wazi. Nikauliza tena. Wazi. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi zake zanipiga shingoni, amekwisha elewa kwamba pana jambo lakini hajui ni lipi, na alikuwa akiomba kwa lugha ya kwao. Wazi. Mimi nilikuwa nikisoma nijualo kwa Kiarabu. Wazi. Kengele ya kinu haijakoma. Wazi. Kisha mstari ukapepesa, na neno likabadilika.

Umefungwa.

Sikungoja. Nilishuka, nikavuka ua, nikapanda ngazi ya chuma ya pembeni mwa tangi, na buibui langu likashikwa na msumari, nikaliacha hapo hapo. Juu, Mdigo alikuwa hajaiachia kamba. Ilikuwa imemchana viganja, damu yamtiririka mpaka vifundoni mwa mikono, na yeye mtu wa mizaha hakuwa na neno. Alinionyesha tundu kwa kidevu.

Nikachungulia. Vumbi la ngano lilikuwa limejaa kama moshi wa udi. Sikuona kitu.

"Baba!" nikaita.

Sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye chuma.

"Baba!"

Vumbi likazidi kutulia. Nikaona ngano imefanya shimo, na katikati ya shimo kitu cheupe, nikajua ni kofia yake. Chini ya kofia palikuwa na uso uliojaa unga, umefumba macho. Ngano ilikuwa imemfika makwapani. Mkono mmoja ulikuwa juu, umeikamata kamba.

"Baba!" Safari hii haikuwa sauti, ilikuwa kilio.

Midomo ikafunguka. Akatema punje.

"Nipo," akasema, taratibu sana. "Nipo, mwanangu. Acha makelele, wawatia watu hofu."

Nililia pale juu mpaka Mdigo akanikemea nisije nikaanguka.

Kumtoa kulichukua muda mrefu kuliko kumzamisha. Huwezi kumvuta mtu aliyebanwa na ngano, utamkata vipande. Watu wawili walishushwa kwa kamba, wakatandika mbao wasizame nao, wakaichota ngano kumzunguka kwa makopo, kopo kwa kopo, huku yeye akivuta pumzi fupi fupi kwa maumivu. Mbavu zilikuwa zimevunjika pale kamba ilipomkaza. Adhuhuri iliadhiniwa misikitini naye bado yumo ndani, na wanaume wale, Waislamu na Wakristo, hakuna aliyeondoka.

Tulimlaza kivulini juu ya magunia, tukingoja gari la hospitali. Msimamizi akaja, akapiga magoti. Nilikuwa nimemwekea akiba ya maneno, tena ya kutosha.

"Mzee," alisema, na machozi yalikuwa yakimchuruzika bila kujificha, "nisamehe. Nilifungua la pili. Nakuapia kwa Mungu, nilifungua la pili!"

Baba alimtazama kwa mshangao. "Nami nilikuwa la pili," akasema.

Msimamizi akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kengele ilikuwa imezimwa zamani.

"La pili kutoka wapi, Mzee?"

"Kutoka kulia." Baba alikunja uso, kama aliyeulizwa jua huchomoza wapi. "Kwani pana watu waanzao kushoto?"

Msimamizi aliinua macho akayatazama matangi, akaanza kuyahesabu kwa midomo, kwanza kwa njia yake, kisha kwa ile nyingine. Nilimwona alipofika. Akakaa chini kwenye vumbi, na shati lake jeupe, akajishika kichwa. Nami hasira yangu yote, niliyoipandisha mpaka kooni, ikakosa pa kutua. Ningemtukana nani? Baba? Mama na ukucha wake? Shule ya msimamizi? Nilikasirika zaidi kwa kukosa wa kumkasirikia. Ghadhabu ya namna hiyo haina dawa.

Baba alipotoka hospitali, msimamizi alikuja kumjulia hali, nguo zake za kanisani bado mwilini, kachukua sukari na majani ya chai kama itakavyo desturi. Alikuwa hajapata kuingia Kuze. Vichochoro vilimpoteza, ikabidi jirani amlete mpaka mlangoni. Chumba kilikuwa kimejaa wageni, na yeye akakaa mwisho, mkono wa kushoto. Mama akanipa dele la kahawa. Nikaanza kulia, kikombe kwa kikombe, nikijua macho yake yanifuata mkono tangu wa kwanza mpaka nikamfikia yeye, wa mwisho. Akakipokea kikombe, akakitazama.

"Kila siku ni hivi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Kila siku," nikasema.

Akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia baba aliyeegemea mito, kifua kimefungwa bendeji. "Mzee, nimezungumza na wakubwa. Tutaandika namba kwenye matangi kwa rangi, kubwa, kila mtu azione. Masanduku uliyapanga kuanzia kulia, basi tuache hivyo. Tutaandika kuanzia kulia. Mimi nitazoea."

Nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi sana, nikaona ndiyo haki ya baba. Hata mama alisita mlangoni na sinia lake.

"Michoro ya mitambo yaanzia wapi?" akauliza baba.

"Kushoto, Mzee. Lakini michoro ni karatasi."

Baba alikuwa akivuta pumzi kwa hesabu, siku zile kila neno lilimuuma. "La," akasema. "Mimi nitaondoka, nawe utaondoka. Atakayekuja ataishika michoro. Hatatushika mimi na wewe tumwambie habari ya kahawa. Na siku hiyo patakuwa na mtu ndani."

"Mzee..."

"Anzieni kushoto."

Siku alipoweza kusimama alikwenda, ingawa daktari alikuwa hajamruhusu na mama alikuwa amemkataza kabisa. Safari hii mimi nilibeba kapu. Masanduku nilikuwa nimekwisha yapanga upya mwenyewe, kwa ncha ya bisibisi yake, na kila moja nilikuwa nimekwisha kuliita na kwenda kulitazama usoni. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa tayari uani. Mdigo alikuwapo, viganja vimefungwa vitambaa, na msimamizi, na watu wa kinu waliojifanya wapita njia. Nikainama niichukue brashi.

"Nipa mimi," akasema baba.

Nikampa. Akayakabili matangi. Nilimwona akigeuka kwanza kwenye ukuta wa reli, mwili wenyewe ukijipeleka kama uliofunzwa, mguu wa kulia umekwisha kuinuka. Akausimamisha. Akaurudisha chini. Kisha akatembea upande wa mizani, pole pole, akishika mbavu, mbele ya watu wote, mpaka tangi la mwisho la kushoto. Akainua mkono wake wa kulia.

Nilimsikia akianza kusema bismillahi, na sauti yake ikamkatika. Akangoja mpaka ikarudi, akaimaliza, akaandika moja.